Sera ya Kimya kwa Wote

Jumatatu, 4 Agosti

Leo mamlaka yamenishukia. Kampuni imeingiza msaidizi wa sauti ndani ya programu tunayofanyia mikutano na kutumiana ujumbe. Unamwambia mpigie fulani, anapiga. Unamwambia soma ujumbe, anasoma. Na nani azungumze naye, nani asizungumze, naamua mimi. Nimetunga sera mbili kwenye ukurasa wa msimamizi: Sera ya Sauti na Sera ya Kimya. Nachagua mtu, nampangia sera yake, kwisha.

Miaka mitatu nimekuwa kaimu mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kaimu! Ijumaa Mama Mkurugenzi anatangaza mkuu kamili. Ni mimi au Miwani.

Miwani ni fundi mwenzangu. Ana kiherehere cha kusaidia watu. Akiona mashine ya kuchapa imekwama, hangoji kuombwa. Mtu wa namna hiyo ni hatari. Mkurugenzi alitaka tujaribu na mtu mmoja kwanza, basi nikampangia Miwani Sera ya Sauti, kwa jina lake, ili kama kuna kitu cha kuharibika kiharibikie kwake. Hakikuharibika. Akaja kunishukuru.

Jumanne, 5 Agosti

Mkurugenzi ameagiza watu wa ghala wapewe sauti kwa sababu mikono yao imejaa maboksi. Wa ofisini wabaki kimya, maana meza zimebanana na kelele zilizopo zinatosha. Maagizo mazuri. Nimeyaboresha kidogo. Wanaoniita mkuu bila kutanguliza kaimu nimewatia kwenye kikundi cha Sauti. Waliobaki, Kimya.

Mkuu wa ghala yuko Kimya. Mwezi uliopita alisema mbele za watu kwamba kompyuta yake haimtii mtu ila Miwani. Leo alikuja kulalamika kuwa amebeba boksi kifuani na simu inalia mfukoni. Nikamjibu kwamba mfumo ndivyo ulivyoamua. Akanitazama sana, kisha akaenda kumtafuta Miwani. Aende tu.

Nimerudi nyumbani nimekuta balaa jipya. Mke wangu amemwambia mama yake kwamba nimeshathibitishwa kazini, na mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza. Nikamuuliza nani kamtuma. Akasema amechoka kueleza kaimu ni nini.

Jumatano, 6 Agosti

Kesho saa nne mimi na Miwani tutamwonyesha Mkurugenzi na wakuu wa vitengo jinsi msaidizi anavyofanya kazi, kila mtu kwa simu yake. Anaanza Miwani. Nimeona upenyo.

Nilimtia Miwani kwenye kikundi cha Kimya, nikapita karibu na meza yake kama mtu anayefuata maji ya kunywa. Anaongea na msaidizi, na msaidizi anamjibu kwa adabu zote. Nikamtoa kwenye kikundi, nikamrudisha. Bado anajibiwa! Mfumo una maelezo yake, kurasa chungu nzima, lakini mimi si mtu wa kusoma maelezo. Mimi ni mtu wa vitendo. Saa kumi nikakata shauri: Sera ya Kimya kwa kampuni nzima. Tuone atapenya wapi. Yangu nitajirudishia asubuhi.

Miwani alipita akaniona natoka jasho, akauliza kama nahitaji msaada. Akasema pia kwamba kwenye mfumo huu badiliko huchukua saa kadhaa kabla ya kumfikia mtu. Nikamwambia nalijua hilo. Sikuwa nalijua.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa mbili asubuhi nilijipangia Sera ya Sauti. Saa nne tukaingia ukumbini.

Miwani akamwambia msaidizi ampigie mkuu wa ghala. Akapiga. Akamwambia asome ujumbe wa mwisho. Akasoma, kwa sauti nzuri ambayo hata mimi ilinichoma. Mkurugenzi akafurahi, akajaribu kwenye simu yake. Kimya. Mhasibu akajaribu. Kimya. Wote wakajaribu kwa pamoja, chumba kizima watu wazima wanaziamrisha simu, na simu hazina habari nao. Zamu yangu ikafika. Nikanena. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita paka aliye juu ya paa la jirani. Sera yangu ya asubuhi ilikuwa bado njiani.

Mkurugenzi akamwomba Miwani aangalie kuna nini. Akaangalia, akaeleza taratibu kwamba sera aliyopangiwa mtu kwa jina lake huishinda ile ya kikundi, hata ya kampuni nzima. Yeye alipangiwa Sauti kwa jina tangu Jumatatu, kwa hiyo hakuna kikundi kitakachomnyamazisha. Wengine wote wamenyamazishwa jana saa kumi. Nani kafanya hivyo, hakusema. Alisema huenda mtu alikuwa anajaribu mipangilio. Lakini wenye ruhusa ya kuingia kwenye ukurasa ule ni wawili tu, na Mkurugenzi si mtoto.

Akaniuliza kama nina la kusema. Ninalo! Nikasema lilikuwa jaribio la usalama, na sasa tuna uhakika kwamba kampuni nzima inaweza kunyamazishwa kwa mbofyo mmoja. Hakuna aliyepiga makofi. Sikuomba radhi na siombi. Nilikwenda tu chooni nikasimama kule mpaka watu wote wakatoka ukumbini.

Ijumaa, 8 Agosti

Mkuu wa kitengo ni Miwani. Mkuu wa ghala alishangilia kuliko wote, huku ametua maboksi yake chini.

Niliumia. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Kile cheo nilikitaka kweli, na nilikuwa nimeshajiona nacho.

Baadaye Miwani alikuja mezani kwangu. Alisema amemwomba Mkurugenzi nisiondolewe kwenye ukurasa wa msimamizi, kwamba ninaujua mfumo na kila mtu hukosea. Mke wake anajifungua mwezi ujao, na akiwa likizo angependa nimshikie nafasi. Niwe kaimu. Nikajikaza kisabuni, nikakubali.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama mkwe amekuja, amevaa nguo ya sherehe. Sikudanganya. Nilimwambia ofisi imenikabidhi uongozi kuanzia mwezi ujao. Akauliza kwa cheo gani. Mke wangu akajibu kwa niaba yangu. Mama mkwe akasema yeye alidhani hicho ndicho nilichokuwa nacho tangu harusi ya shemeji.

Ikabidi nieleze yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza huyo Miwani ni mtu wa namna gani. Nikasema ni mtu ambaye nilimchimba wiki nzima, na bado akanitetea nisinyang'anywe ruhusa. Mama mkwe akasema mwanangu, mtu kama huyo usimpoteze. Mke wangu akasema kweli kabisa. Nami nikasema kweli, na nilimaanisha.

Wakaenda jikoni kuandaa chai. Nikafungua kompyuta.

Kuna ukurasa mwingine ambao sikuwahi kuugusa, wa sera za mikutano: nani aweze kuwasha maikrofoni yake na nani asiweze. Safari hii nimesoma maelezo, kurasa zote, mpaka maandishi madogo ya chini. Miwani anaongoza kikao chake cha kwanza Jumatatu saa tatu. Nikimpangia leo asiweze, muda wa kumfikia upo tele. Sikugusa kikundi chochote. Nimeandika jina lake, herufi kwa herufi.

Mfumo umeuliza kama nina uhakika. Swali gani hilo. Nimebonyeza ndiyo, nikaenda kunywa chai.