Karani Pazi Hataki Kusimama

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nina hasira tangu saa mbili asubuhi, na sasa ni saa kumi na moja jioni. Naandika ili nisimpige mtu.

Bwana Hafidhi, aliyelinunua ghala letu la mazao kutoka serikalini, leo katukusanya uwanjani. Kasema tuko kumi na mmoja na yeye anahitaji sita. Wagonjwa yeye hawataki. Kasikia redioni kwamba watu wazima wa mjini wanakufa kwa kukaa na kwa mafuta. Redioni! Enzi za serikali hakuna aliyemuuliza karani amekula nini. Siku hizi kila kitu ruksa, isipokuwa kukaa kwenye kiti chako mwenyewe.

Kaleta na nesi wa kutupima. Nesi mwenyewe nani? Mwaisha. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Sisi tukifa, wao ndio wanaochimba kaburi, na wana ruhusa ya kututukana mbele ya maiti na kuondoka na chochote nyumbani. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, unatozwa.

Kanifunga mpira wake mkononi. Presha mia na sabini kwa mia na tano. Kaniuliza nakaa saa ngapi kwa siku. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimekaa miaka kumi na minne. Kaniambia nitembee nusu saa kila siku, nisimame kila baada ya saa moja, nipunguze chumvi, sukari na mafuta, nile mboga za majani. Nikajua ni utani, nikacheka kwa adabu. Kasema hatanii. Kisha akamwambia Bwana Hafidhi kwamba kaburi langu watalichimba kwa zamu mbili kwa sababu ya upana. Hapo ndipo alipokuwa anatania. Mtu atajuaje tofauti?

Wote walicheka. Severini, mpima mizani wetu, alicheka akashika ukuta. Huyu Severini anashuka kila asubuhi kutoka milimani juu ya Bigwa, mwendo wa saa moja na nusu, amebeba ndizi za kuchemsha kwenye kitambaa. Mwembamba kama ufito. Kila siku ananiamkia shikamoo, na tumezaliwa mwaka mmoja. Anakitaka kiti changu. Sina ushahidi, lakini namwona anavyokitazama.

Tutapimwa tena tarehe 8 Julai. Asiyepata nafuu anapunguzwa. Nina watoto watatu shuleni na kazi moja tu ninayoiweza, nayo inafanywa kwa kukaa.

Jumatano, 5 Juni

Bwana Hafidhi katundika daftari mlangoni. Kila mfanyakazi aandike mazoezi aliyofanya na chakula alichokula. Wapagazi wanaandika kwa shida, herufi zinalala. Mimi nimeandika daftari maisha yangu yote. Mtu hawezi kunishinda kwa daftari.

Nimeandika: nimekwenda Kingolwira kwa miguu na kurudi. Nimekula mchicha.

Ukweli ni kwamba jana jioni nilikaa kwenye benchi Msamvu, kwa muuza mishikaki, nikitazama mabasi. Mabasi yalikwenda Iringa, Dodoma na Moshi. Macho yangu yalisafiri sana. Mishikaki minane, chipsi sahani moja, soda mbili.

Bwana Hafidhi alisoma akanipiga bega. Kasema laiti wote wangekuwa kama mimi. Severini alisoma pia, polepole, kidole kwenye mstari. Hakusema kitu. Namchukia mtu anayesoma kwa kidole halafu asiseme kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Saa nne ya chai. Sambusa sita mezani, moto, na soda baridi. Mwaisha akaingia kumwona Bwana Hafidhi, akapita mezani kwangu, akakaa juu ya meza yangu, akala sambusa mbili mbele ya macho yangu. Nne zilizobaki akawagawia wapagazi. Soda akaondoka nayo. Kasema mtani wake akifa mapema atakosa wa kumtania, kwa hiyo anajihurumia mwenyewe.

Wapagazi wakapiga makofi. Ikanibidi nicheke. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma. Mwizi angenichukulia sambusa ningemwitia mgambo. Mtani unamwitia nani?

Jumamosi, 8 Juni

Leo Mwaisha kaja nyumbani. Kamweleza mke wangu Maimuna habari zote za presha, kwa namba. Kisha kaingia jikoni, kabeba kopo la mafuta ya kupikia, lita tano, jipya, lile la kutoka nje ambalo zamani ungepanga foleni kutwa na usilipate. Maimuna alimkabidhi kwa mikono miwili. Mke wangu wa ndoa!

Hapo nikashindwa. Nilisimama (anayesema sisimami aandike hilo) nikamwambia Mwaisha atoke nyumbani kwangu na asirudi, yeye na mpira wake. Nilisema kwa sauti, na jirani zetu wote walikuwa barazani.

Hata Mwaisha hakucheka. Aliweka kopo chini, akajifunga kitenge vizuri, akaenda moja kwa moja kwa mjomba wangu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba anakuja baadaye. Nimemkasirikia mtani hadharani.

Jumapili, 9 Juni

Wazee wa pande mbili wamekaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wamekaa! Hakuna aliyewaambia watembee.

Mjomba kasema nimeuaibisha ukoo, na nikifa leo hakuna wa kunichimbia. Hukumu: mbuzi mmoja. Nikashusha pumzi. Mbuzi wa faini huliwa na wote, na mimi ni mmoja wa wote. Mwaisha akakataa. Kasema mbuzi huyo nitamla nusu mwenyewe na mafuta yake. Faini anaitaka kwa miguu. Jumamosi ijayo nipeleke debe la mchele kwa bibi yake, huko juu ya Bigwa ambako gari halifiki. Wazee wakaitikia. Mjomba wangu aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumatano, 12 Juni

Balaa jingine. Bwana Hafidhi kajumlisha daftari. Kwa hesabu yake, ndani ya wiki moja nimetembea kilomita mia na hamsini na kula mafungu kumi na tisa ya mchicha. Kaniuliza mbele ya wote kama ni kweli. Nikasema ni kweli tupu.

Severini akakohoa. Kasema kwa upole, na shikamoo juu yake, kwamba dada yake anauza maembe na machungwa pale stesheni ya Kingolwira, na hajawahi kuniona. Nikajibu kwamba natembea haraka, ataniona vipi? Wapagazi wakaguna.

Bwana Hafidhi kasema atachunguza. Wagonjwa atawapunguza Julai, lakini mwongo ataondoka kabla ya wagonjwa. Sikulala. Namlaani Severini, namlaani dada yake, na machungwa yake yaoze.

Jumamosi, 15 Juni

Siwezi kukunja vidole. Naandika hivyo hivyo.

Nimeondoka saa kumi na mbili na debe kichwani na raba za mtumba, moja namba tisa na nyingine namba kumi. Mlima ule haukutengenezwa kwa watu wenye elimu. Njia imesimama kama ngazi, utelezi, na kila nikikaa kupumzika anapita mwanamke mzee na kabichi kichwani ananipa pole. Pole kumi na nne, nimezihesabu. Ya kumi na tano ilikuwa ya Severini, aliyekuwa anateremka na mkungu wa ndizi. Alisimama. Alinitazama kuanzia debe hadi raba. Nilitaka ardhi inimeze, au immeze yeye, ningefurahi zaidi.

Nilifika saa sita. Bibi akanikaribisha kwa ndizi za kuchemsha na majani ya maboga, bila tone la mafuta. Nilikula sahani tatu kwa hasira.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi Bwana Hafidhi akatukusanya kuhusu daftari langu. Severini akanyoosha mkono. Nikajua nimekwisha. Kumbe kasema yeye ni Mkristo, hawezi kusema uongo: Jumamosi kaniona kwa macho yake mlimani juu kabisa, na mzigo kichwani. Kasema kama mtu anapanda kule kwa mapenzi yake, Kingolwira kwake ni uani. Kaniomba radhi.

Kwa dakika moja nilimpenda Severini. Naiandika dakika hiyo kwa aibu.

Maana Bwana Hafidhi alifurahi mno. Kasema biashara sasa ni huria, wanunuzi wengine wameanza kupanda hadi mashambani kununua maharage na vitunguu saumu kabla havijateremshwa. Amekuwa akitafuta mtu mwenye miguu na kalamu pamoja. Kumbe alikuwa naye mezani siku zote. Kuanzia kesho nitapanda milimani siku nne kwa wiki, nikubaliane bei na wakulima, niandike. Yaani ni mimi huyu!

Na kiti? Kiti kapewa Severini. Kumbe goti lake la kulia ni bovu miaka sita sasa, kwa ajili ya ile miteremko, na alikuwa akificha asipunguzwe. Anajua hesabu kwa sababu ya mizani. Nilimwona akikaa. Alikaa taratibu, akalinyoosha goti lake. Nilikuwa nimesema mimi kwamba anakitaka kiti.

Jumapili, 30 Juni

Wiki mbili za mateso. Nayaandika yasipotee.

Suruali zote zinanivuka, na fundi hatashona bure. Silali tena mchana kwa sababu usiku nalala mno. Maimuna analalamika kwamba sikoromi, anaamka kuangalia kama niko hai. Alhamisi nilipanda hadi kwa yule bibi bila kupumzika hata mara moja, nikakosa kisingizio cha kuchelewa. Wakulima hawana soda wala sambusa, wana njegere na karoti, nao wanakulazimisha ule.

Wakati huo huo Severini ananawiri. Mashavu yametokeza. Saa nne ya chai ananunua sambusa sita, moto, na soda baridi. Amepanga chumba mjini, hapandi tena mlima, na amenunua mto wa kukalia.

Lakini nimeshapata njia. Tarehe 8 tunapimwa. Presha yangu itaonekana ile ile, Mwaisha ataandika kwamba mlima utaniua, na Bwana Hafidhi hatataka maiti njiani. Kunipunguza hawezi, bei zote za milimani ziko kwenye kalamu yangu; atanirudisha kitini. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu utanisaidia.

Jumatatu, 8 Julai

Mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili.

Nilimwambia Mwaisha apime tena. Kapima mkono wa pili. Ikashuka. Nikamwambia mpira wake ni mbovu. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlenga, kasema kuhusu presha hakuwa akitania hata siku moja, alikuwa ananiogopea. Kisha akawatangazia wote kwamba kaburi langu sasa ni la zamu moja. Sikumkasirikia. Nilitoka nje nikaupiga teke mfuko wa maharage.

Kisha akapimwa Severini. Mia na hamsini na tano kwa mia! Wiki tatu tu! Mwaisha kasema ni kiti, na sambusa, na soda, naye asimame mara moja kabla hajachelewa. Lakini Bwana Hafidhi anayo hekima yake. Severini ni mtu wa hesabu safi, hataki kumpoteza. Kasema mtu mwenye presha hawezi kupanda milima, kwa hiyo abaki kwenye kiti. Na mtu mwenye afya kama mimi kumkalisha ni dhambi, kwa hiyo niendelee na milima, siku tano badala ya nne. Tutapimwa tena Oktoba. Sote wawili tumo katika wale sita.

Wenzetu watano wamepunguzwa leo. Mmoja wao, mpagazi mwenye mwili wa chuma, kosa lake ni kukohoa tu alipopimwa. Alinipa mkono wa kwaheri, akaniambia nina bahati. Nilimjibu hana habari.

Jumanne, 9 Julai

Usiku kucha nimefikiri, na jambo liko wazi. Mzima anapewa mlima, mgonjwa anapewa kiti. Kosa langu lilikuwa kuacha miguu inisaliti. Hadi Oktoba nina miezi mitatu ya kuharibika, na niliyoyajenga kwa miaka kumi na minne hayawezi kunishinda kuyajenga upya.

Nimeanza leo kabla ya kupanda. Supu ya utumbo bakuli mbili, chumvi vijiko viwili, chapati nne. Chai ya sukari vijiko sita. Jumapili sitainuka kitandani. Mwaisha akija nitamfichia kila kitu uvunguni, kwa tabasamu.

Maimuna kasimama mlangoni ananitazama nikila. Kaniuliza taratibu, na bila utani wowote, kama nataka kufa. Nimemjibu kwamba sitaki kufa. Nataka kukaa.