Kilichobadilishwa Hakirudishwi

Kinyozi wa kibanda cha pili alifika kijiweni mbio, simu mkononi na taulo begani, huku mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa akimchungulia dirishani. Wenzake wamempa jina la Waziri kwa sababu hakuna jambo asilolitolea tamko, wala hakuna tamko lake lililowahi kutekelezwa.

"Mmesikia? Mamlaka ya vyuo vikuu ya kwetu na ile ya nchi jirani wamesaini! Muhula ujao tunabadilishana wanafunzi!"

Mzee Spea alikuwa ameinamia gurudumu. Aliinua kichwa polepole. Huyu anaishi kwa vipuri vya baiskeli vilivyotumika: ananunua, anauza, na zaidi ya yote anabadilisha. Juu ya mlango wa duka lake kuna kibao cheupe alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KILICHOBADILISHWA HAKIRUDISHWI. Benchi lililo chini ya kibao hicho ndilo kijiwe chenyewe, na hakuna sheria ya nchi aliyopata kuiamini kama hiyo ya kwake.

"Wanabadilishana vipi?" aliuliza.

"Sisi tunapeleka ishirini, wao wanaleta ishirini. Kichwa kwa kichwa."

"Bila nyongeza?" alidakia Bi Birika, muuza kahawa. "Wa kwetu tumewalea kwa jasho, hao wa kwao hata hatujui wamekaaje! Mtu unabadilishana bila hata kugeuza uone nyuma?"

Benchi zima likacheka. Mzee Spea hakucheka, na alikuwa na sababu. Bintiye wa pekee, aliye mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo, ni mmoja wa hao ishirini. Binti alimwambia wiki iliyopita, naye akajibu "tutaongea," kisha tangu siku hiyo kila akimwona anakuja anakumbuka kazi ya haraka uani. Kijiweni hakuthubutu kusema. Kukiambia kijiwe kile ni sawa na kupanda juu ya paa na kupiga kelele.

"Sikilizeni," alisema, akijaribu kuongea kama mtu asiyehusika. "Kubadilisha ndiyo kazi yangu. Hajaja mtu hapa hata siku moja na pedali nzima akasema nibadilishie. Anayetaka kubadilisha ana bovu! Sasa hao majirani wametukumbuka ghafla, mnadhani watatuletea wale wanaoamka wenyewe asubuhi?"

"Hapo umegonga penyewe!" Waziri alipiga goti. "Tunauziwa mbuzi kwenye gunia!"

"Jamani, jamani." Huyo ni Itifaki, mhudumu mstaafu wa ofisi kubwa, ambaye hata akipiga chafya huanza kwa kuomba ridhaa ya kikao. "Huu ni ushirikiano wa kimataifa. Kuna kamati ya pamoja. Chini yake kuna kamati ndogo. Kamati ndogo inaiandalia kamati ya pamoja mambo ya kuiagiza kamati ndogo."

"Yaani inajiagiza yenyewe?"

"Kwa kupitia ngazi husika."

"Na wameanza lini?"

"Mimi nikiwa bado natandika meza zao. Kikao cha kwanza kilijadili mahali pa kufanyia kikao cha pili."

"Na cha pili?"

"Kilikipongeza cha kwanza."

Bi Birika alishika kiuno. "Miaka yote hiyo wamebadilishana nini hasa?"

Waziri aliikuza picha kwenye simu. "Kalamu. Tazama hapa! Wamesaini, halafu kila mkurugenzi kaondoka na kalamu ya mwenzake."

"Basi ya kwetu ndiyo iliyokuwa na wino," alisema Mzee Spea.

"Mimi ningewashauri waanze na wao wenyewe," alisema Bi Birika. "Mkurugenzi wetu aende, wa kwao aje. Tena tukiwa na bahati, wasahau kuturudishia."

Kicheko hicho kilimsukuma Itifaki akamwaga kahawa yake. Lakini neno la kurudisha lilimchoma Mzee Spea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi... wanarudi?"

"Kina nani?"

"Hao waliobadilishwa."

Waziri alinyoosha kidole juu ya mlango. "Mzee, unatuuliza sisi? Sheria si umeandika mwenyewe?"

Wakavunjika mbavu, mpaka Bi Birika alipoiona spana ikimdondoka Mzee Spea naye asiiokote.

"Mzee Spea," alisema. "Ni binti yetu?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Spana aliijua kabla ya kijiko," alisema. "Ananieleza karakana za huko, macho yanang'aa, na mimi namtazama naiona nyumba haina mtu. Naogopa, jamani. Ndiyo hivyo tu, naogopa."

Binti mwenyewe alitokea kwenye kona akiwa na mkoba wake wa chuo. "Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia kwa pamoja, kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yao.

Waziri ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Mwanangu, huyo anayeletwa badala yako anajua kuziba pancha?"

"Baba mdogo, haletwi mtu badala yangu! Anakuja kusoma huku muhula mmoja, na mimi vilevile kule. Kilichosainiwa ni kwamba somo nikilifaulu kule, huku lihesabiwe. Nisirudie."

"Ngoja kwanza," alisema Waziri. "Vikao vyote vile vilikuwa vya kukubaliana kwamba moja na moja ya kule ni mbili hata huku?"

"Hilo ndilo lililokuwa gumu," alisema Itifaki kwa huzuni. "Ile moja ya pili ilichelewa kuidhinishwa."

Binti hakucheka nao. Alimgeukia baba yake. "Baba, wiki nzima unanikwepa. Siwezi kuondoka bila radhi yako. Ukisema nisiende, siendi, na sitanuna."

Mzee Spea aliinua macho juu ya mlango. "Mama, kila kilichobadilishwa kikatoka kwenye mlango huu, sijakiona tena."

Binti akatazama kibao. Akataka kucheka, akayaona macho ya baba yake yamelowa. "Mimi si pedali, baba."

Mzee Spea aliingia dukani. Walisikia makopo yakigongana. Alitoka na stuli, kopo la rangi nyeupe na la nyekundu, akapanda huku Waziri akishikilia miguu ya stuli. Akaifunika HA kwa nyeupe. Kisha akachovya nyekundu, akaiendea I ya mwisho na kuichorea vijimkono vitatu, ikawa E. Akashuka, akarudi nyuma kukisoma.

KILICHOBADILISHWA KIRUDISHWE.

"Nenda, mwanangu. Nimekuridhia kwa moyo mmoja. Ila hao wenye makamati yao waje wasome hapo."

Binti alimkumbatia na rangi zake zote, blauzi ikaharibika wala hakujali. Itifaki alivua kofia. "Sasa hilo," alisema, "ndilo azimio." Bi Birika alijifanya moshi wa jiko umemwingia machoni.

Hakuna aliyeona Waziri alipoondoka. Walidhani amemkumbuka mteja wake. Akarudi na tandiko la baiskeli kwapani, na nyuma yake yule mwenye nusu kichwa, pedali mkononi.

"Waziri, hilo nini tena?"

"Tandiko ulilonibadilishia mwaka ule wa mvua. Linanifinya mpaka leo. Tangazo nimelisoma vizuri."

"Na mimi nimelisoma," alisema mwenye nusu kichwa.

Mzee Spea alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajiachia mstari mwekundu shavuni.

"Pangeni foleni," alisema. "Akisharudi yeye, nitaanza kuwarudishia nyinyi."