Mtungi wa Amplifaya na Klarineti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Machi 1998
...na hata hivyo, amplifaya yenyewe haina kosa! Nimeiunga kwa mikono yangu, kwa vipande vya televisheni mbili zilizokufa. Tatizo ni joto. Transista zinachemka kiasi cha kukaanga yai. Boksi la viatu vya harusi vya mke wangu Mailén nililoitia ndani limeanza kutoa moshi. Ah, viatu vile! Wiki sita sasa, na bado nasikia visigino vyake kwenye vigae vya ukumbi.

Jumamosi unatimia mwaka tangu baba yake, mzee Evelio, afariki. Imebaki kaseti moja tu, akipuliza klarineti, na kinasa sauti chetu kinanong'ona kama mgonjwa. Mailén kaniomba mama yake ausikie wimbo mzima, mpaka mwisho, pale uani, kama zamani. Nimeahidi. Kwa macho yale ningeahidi hata nyota.

Jumanne, 10 Machi
Nimekwenda kwa Ladislao, fundi redio, jirani yetu. Analo kasha la alumini, zuri, lina matundu na feni ndogo. Anataka bia mbili za mwisho za mgao wa serikali tuliopewa kwa ajili ya harusi. Haiwezekani! Zile tutazinywa mwaka wetu ukitimia. Kacheka, kasema basi bwana harusi aitie amplifaya ndani ya soksi. Mshenzi.

Jumatano, 11 Machi
Sufuria ya presha ya mama mkwe! Alumini nene, bei bure. Nilikuwa nimetoboa tundu moja tu, Mama Hortensia akaingia na bakuli la maharage meusi. Akauliza, kwa upole, kama leo tutakula redio. Mailén akanitetea: mume wake ni mvumbuzi. Mama akajibu kwamba wavumbuzi hawali. Tumeshinda na ndizi moja, mimi na Mailén, nusu kwa nusu. Sijawahi kula ndizi tamu vile.

Alhamisi, 12 Machi
Nimepata! Mtungi wa uani! Mji mzima wa Camagüey unapoza maji kwenye mitungi ya udongo tangu enzi za mababu, nami nahangaika na chuma! Ndio mtungi ambao Mailén alinichotea maji siku nilipofika kutoka Bayamo kuuza vitunguu. Hapa wanaamini mgeni akipewa maji ya mtungi na msichana, haondoki tena. Sikuondoka. Vitunguu viliozea stendi.

Nimemwaga maji, nimeukausha, nimetumbukiza amplifaya. Ladislao kachungulia juu ya ukuta, kasema mtungi hupoza kwa kutoa jasho. Ukiwa mkavu ni tanuri. Wivu tu!

Jumamosi, 14 Machi
Majirani wote uani. Nikawasha. Jamani! Klarineti ikatoka mtungini nene, ya karibu, hadi pumzi za mzee zikasikika. Mama Hortensia akasimama, akaweka mkono hewani, pale lilipokuwa likikaa bega la mumewe, akacheza peke yake. Mailén alinibana kidole mpaka kikafa ganzi.

Kisha harufu ya kuungua. Nikakumbuka habari ya jasho. Nikamimina kopo la maji ndani ya mtungi.

Paa! Mtungi vipande viwili. Klarineti ikakatika.

Mama akabaki na mkono hewani, machozi yanamtoka. Halafu akasema hata Evelio pumzi ilikuwa ikimkatikia hapo hapo, ila yeye alikuwa akipumzika kidogo akamalizia. Akaniuliza: mwanangu, mwisho wa wimbo nitausikia lini?

Jumapili, 15 Machi
Ladislao kaleta kasha lake mwenyewe, na feni. Anatoa bure, kwa ajili ya mama. Bure! Basi lina kasoro. Nimemrudishia. Mailén kanitazama kwa muda mrefu sana, nadhani kwa mapenzi.

Amplifaya nimeikausha, ni nzima; kosa lilikuwa udongo. Shangazi Eulalia, kule Bayamo, ana jiko la mafuta la bati, matundu kila upande, na miaka kumi limekataa kuwaka. Chombo kisichojua moto miaka kumi! Amplifaya itakaa humo. Nimemwandikia leo hii: kabla ya mwezi huu kwisha tutakuwa mlangoni pake, mimi, Mailén, mama na kaseti.