Commission ya Kupima Bureau

Bantu bote ba Lubumbashi bajue: kuanzia mardi, service yetu ya ba-acte de naissance, karatasi za kuzaliwa, iko na Commission ya Kuchagua Bureau Léger. Secrétaire-rapporteur, mwandishi wake, njo miye. Niko na diplôme d'État na bic mbili za kuandika. Ku service, mwengine hakukuwa na bic.

Commission ilizaliwa juu ya ba-ordinateur, ba-kompyuta. Tuko nazo ine, za zamani kabisa, giga moja-moja ya mémoire. Unawasha saa mbili asubui, unaenda kutafuta beignet, unarudia, unasalimia bantu, saa ine njo inakuonyesha picha ya maua. Kazi ya kweli inaanzaka midi, saa sita. Midi njo tunafungaka.

Kwa banc ya kungojea kulikuwa Mama Mbuyi wa quartier Hewa Bora, juma ya tatu sasa. Mutoto wake Léa hana acte, na ku masomo banafunga inscription, kuandikisha batoto, vendredi ya ile juma. Kila siku tulimuambia aikale, machine iko nafunguka. Haikuwa bongo, hatukumudanganya. Ilikuwa nafunguka.

Mwansa, mwenye anatengenezaka ba-téléphone mbele ya mulango yetu, aliingia kuangalia. Alisema machine haiko mubaya, ni kile kiko ndani njo kinailemea. Tutie Linux, programme ya kuendesha machine, na tuchague bureau léger, ya wepesi.

Chef wetu, Papa Ruphin, alitingisha kichwa kama muntu mwenye alijua tangu zamani.

"Bureau léger," alisema. "Tupime."

Mwansa aliuliza tupime nini. Chef alimuambia asiharibishe séance.

Balance, mizani ya kupima ba-meza, tulilomba kwa mama wa kuuzisha bunga. Table ya plastique ya réception: kilo tano. Table ya triplex ya archives: kumi na tisa. Ile ya chef mwenyewe, mbao ya mukula na kioo juu, bantu sita balibeba, balance ikavunjika. Niliandika mu PV, karatasi ya mukutano: "Bureau ya chef de service, nzito kupita uwezo ya balance."

Tuliweka ordinateur zote ine kwa table ya plastique. Tukawasha. Saa ine, maua.

"Papa chef," Mwansa alisema, "bureau ni ile unaonaka kwa écran, kwa kioo ya machine. Ba-fenêtre, ba-bouton. Kuko XFCE, kuko LXQt. LXQt haikulaka mémoire mingi. Machine ya giga moja, njo yake."

"Mudogo, weye uko fundi wa téléphone. Hii ni mambo ya meuble ya État, vyombo ya serikali."

Na chef akasaini. Article 1: bureau yote ya muzito inatoka mu service, bila kuangalia ni ya nani. Hiyo "bila kuangalia" nilitia miye, juu inapendezaka. Article 2: bureau léger inabakia. Copy, pamoja na PV, ikaenda ku hiérarchie, kwa bakubwa.

Jeudi chef alikuwa mu séminaire. Mwansa alikuja na clé USB yake, akatia LXQt mu machine moja. Niliandika: "Article 2 imefanyika." Machine ilifunguka Mama Mbuyi hajamaliza hata kufungula sakoshi. Acte ya Léa ikatoka. Ilibakia signature.

Kesho yake, vendredi, siku ya kufunga inscription, asubui chef aliangalia ile karatasi mbele na nyuma.

"Bureau ya hii karatasi ilipimiwa wapi?"

Nilisema haikupimiwa. Alisema basi hawezi kusaini. Mama Mbuyi alirudia kwa banc, macho kwa saa ya ukuta.

Njo pale Madame Chancelvie, inspectrice, mukubwa wa chef wetu, aliingia na copy yetu mu mukono. Alisoma polepole.

"PV inasema: bureau ya chef de service, nzito kupita uwezo ya balance. Article 1 iko wazi. Hiyo bureau tunaitosha. Leo."

Chef alisema ile ni maneno ya table.

"Papa, hapa kuko 'bureau'. Bureau ni table, ni kazi ya chef pia. Nani alisaini?"

"Ni miye."

Inspectrice alilomba bic. Nilimupa. Alisaini acte ya Léa mwenyewe, juu ya table ya plastique, na Mama Mbuyi akatoka mbio, sakoshi wazi.

Kisha bale bantu sita kubeba meza ya mukula mpaka inje, Papa Ruphin alikuja kwa guichet yangu. Alitaka attestation, karatasi ya kuonyesha kama alikuwaka chef.

Nilimuambia aikale kwa banc, machine iko nafunguka.

Ile sasa ilikuwa bongo.