Samaki Anavumilia

Kwa Mwalimu Anyona, Gredi ya Nne,

Pokea salamu kutoka hapa Ekerenyo. Sasa hivi tu binti yangu Kemuma amefuta kwa raba jibu langu la sayansi kwenye maswali yake ya nyumbani, ambayo huwa nayajibu mimi. Mliuliza samaki anapumuaje ndani ya maji, nami niliandika kwamba hapumui, anavumilia. Amechukua daftari akaenda kwa jirani Nyangau kumuuliza mtoto wao. Ameniambia bila ubaya, "Mama, wewe pumzika." Nina miaka ishirini na sita, Mwalimu, na sijachoka. Ndiyo maana naandika.

1. Hisabati. Mchumaji akichuma kilo sita za majani chai kwa saa moja, atachuma ngapi kwa saa tano? Niliandika kumi na nane. Mchumaji mwenyewe ni mimi. Saa ya tatu mvua inanyesha, saa ya tano uko kwenye foleni ya kupimia. Uliweka eksi nyekundu, na chai unakunywa.

2. Sanaa. Yule ndovu wa jiwe ambaye Kemuma alikuletea alichongwa na shemeji yangu Osoro, mchongaji wa Tabaka. Ndovu wake hupanda ndege kwenda kuuzwa ng'ambo. Kwako alipata nne kwa kumi, na tangu hapo akifika kwenye mkonga anaweka patasi chini.

3. Maswali ya Ijumaa yanafika jua likizama, Sabato ikiingia, na sisi Sabato hatushiki kazi. Wiki iliyopita sikugusa hata moja. Kemuma aliyajibu peke yake Jumapili, akapata yote. Hapo nimeona wazi kwamba mnayemwonea ni mimi.

Kwa hivyo naomba maswali ya nyumbani yakome. Yakishindwa kukoma, niandikwe kwenye rejista, nipewe dawati la nyuma kwa sababu ya urefu, na uji wa saa nne. Ripoti yangu iwe yangu. Sitaki Kemuma akue akijua kwamba mamake ni wa kufutwa na raba.

Nisalimie mwalimu mkuu, mpishi wa uji na yule mzee wa lango.

Ni mimi mzazi wako, na mwanafunzi wako ukikubali,
Nyanchoka, Mama Kemuma

N.B. Maswali usiyakomeshe kabla ya hili la samaki. Niliacha shule darasa la saba, kwa samaki hatukuwa tumefika. Jana niliazima kitabu cha sayansi kwa mke wa pasta, na leo nikisubiri chai ichemke nimekifungua, kumbe ni kitamu. Ongezeni hata mengine. Kemuma amerudi, ananiita mlangoni, anasema mtoto wa Nyangau pia hajui, nije mimi. Ukurasa nimeuona, Mwalimu, kumbe samaki anapumua kwa... ngoja, nikamwambie Kemuma kwanza.