Kila Kitufe, Upara

Jumatatu, 3 Machi

"Kila kitufe kibebe jina la msusi wake." Hayo ndiyo aliyoyatamka Mpole, binti mdogo wa kitengo chetu, leo ofisini, mbele ya watu. Upuuzi! Kitufe si punda. Saluni ya shemeji yangu, tunayoiandikia programu, ina wasusi kadhaa. Mteja atabofya jina kwenye skrini mlangoni, kengele ya msusi huyo ilie. Kinachohitajika ni kigeu kimoja cha wote: kisanduku ndani ya programu, jina linawekwa humo, kila kitufe kinachungulia. Niliyasoma haya Mpole hajajua kufunga kamba za viatu! Shemeji anafungua Jumamosi. Mumewe, mwanyumba wangu, ndiye bosi wetu, na kiti cha mkuu wa kitengo ki wazi. Ni mimi au Mpole. Ni mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu kitufe cha mwisho. Kengele ya msusi wake, Bi Nyembe, imelia. Safi! Mpole akauliza kama nimejaribu na vingine. Nikamwambia anayejaribu kila kitu hajiamini. Akasema haya, kaka. Hiyo "kaka" yake ina pilipili.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio saluni. Balaa! Kila anayebofya anaitiwa Bi Nyembe. Kumbe programu ilipitia majina yote mwanzoni, kisandukuni likabaki la mwisho. Na Bi Nyembe, aliyeajiriwa juzi, anajua mtindo mmoja tu: upara. Bibi harusi mtarajiwa alitaka kusukwa. Alitoka mbio na taulo shingoni, juu ya sikio kunang'aa. Nilimweleza shemeji kwamba mashine inatoa ushauri wa kitaalamu. Akauliza hivi mdogo wake aliniokota wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekubali kila kitufe kipewe jina lake. Kwa muda! Ila badala ya kukikabidhi kitufe kazi ya kufanya kitakapobofywa, niliamuru kazi ifanyike palepale. Skrini kuwaka tu, kengele zote zikalia. Wasusi wakamiminika mlangoni wakamkamata mtu wa kwanza: fundi bomba, aliyefuata sinki linalovuja. Ameondoka na nywele za mawimbi. Kusema kweli zimempendeza. Sinki bado linavuja. Shemeji kasema kesho ndiyo mwisho, akikosa programu atampigia Mpole.

Ijumaa, 7 Machi

Hila! Mpole alipokwenda kula, nilinakili programu yote ya saluni aliyoiandika kwa njia yake. Kila kitufe kimefungashiwa kijikazi kinachosubiri, na ndani yake data ya msusi. Sikuisoma. Mtu wa hadhi yangu hasomi kazi za wadogo zake. Nimeiweka saluni, nimebofya, kengele sahihi zimelia. Skrini sikuitazama, nilikuwa nacheza kwa furaha. Shemeji kaniita shemeji tena.

Jumamosi, 8 Machi

Ufunguzi. Bosi akabofya mwenyewe. Kengele ikalia, msusi akaja, makofi! Kisha skrini ikaandika: "Karibu. Programu hii imeandikwa na Mpole. Aliyeileta ameinakili." Akabofya kingine. Yaleyale! Yule binti alikifungashia kila kitufe data ya ziada! Nilipomfokea alisema, kaka, nilijua utapita, nikakuachia kifurushi. Bosi akampa kiti hapohapo. Bi Nyembe alicheka hadi akakaa chini.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Kosa si langu. Jina la Mpole lingekuwa kwenye kigeu kimoja cha wote, ningelifuta mara moja tu, kwisha! Lakini ukweli haufi njaa kwa kukosa kiti. Jirani yangu, daktari wa meno, anataka picha ya kinywa kwenye skrini, kila jino kitufe. Akibofya, msaidizi wake aambiwe jino la kung'oa. Nimemwandikia programu asubuhi hii. Kigeu kimoja! Nimejaribu jino la mwisho, limekubali. Basi ninyi wenye miadi naye kesho: njooni mapema, fungueni vinywa, na msituletee maswali.