Palestina Katika Banda la Mahindi

Jumamosi, 22 Mei 1948. Bungoma.

Asubuhi ukungu mzito, mlima hauonekani. Manyunyu saa nne, kisha jua.

Leo nimeaibishwa. Naandika kwa utaratibu ili nisikasirike mara mbili.

Kila Jumamosi saa nane mchana nawasomea watu gazeti katika banda la mahindi, kando ya soko. Huu ni mwaka wa pili. Ninayo orodha ya wasikilizaji: kumi na wanne, kila mmoja na alama yake ya mahudhurio. Siku nyingine za juma hakuna anayenijia ila watoto wa shule, nao hulazimishwa. Kwa hiyo saa ile moja si ya mchezo. Banda nalifagia mwenyewe.

Leo habari kubwa. Waingereza wameondoka Palestina. Wayahudi wametangaza dola yao na kuiita Israeli. Majeshi ya Waarabu yameingia. Vita! Nilikuwa nimefika kwenye jina la Haifa, nikawaeleza kwamba Haifa ni bandari. Mara sauti ikatoka barazani kwa fundi cherehani, ng'ambo ya njia: "Mwalimu, Haifa nimelala miezi mitano. Uliza nikuambie."

Wabwile! Wakati wa vita kuu alikuwa payonia, askari wa sepetu, akichimba mitaro na kupakia masanduku huko huko Palestina. Bado anavaa koti la jeshi hata jua likiwaka. Wasikilizaji wangu wakainuka mmoja mmoja, na vigoda vyao mkononi. Hata Lenah, jirani yangu, mama wa kanisa! Ati anakwenda kidogo tu kumuuliza kama ameiona Bethlehemu. Hakurudi.

Aliyebaki ni mzee Wekoye. Alikuwa amelala. Nilimsomea mpaka bei za mahindi.

Jumapili, 23 Mei.

Anga safi. Moyo, hapana.

Nimepata mpango. Watu hupenda kesi kuliko habari. Nitaitisha mdahalo, kama tulivyofanya shuleni, na Wabwile atashindwa mbele ya wote. Jambo la kwanza: kujua yeye yuko upande gani, ili mimi nishike ule mwingine.

Baada ya ibada nilimuuliza Lenah. Akasema Wabwile anawasikitikia Waarabu. Kulikuwa na mkulima wa machungwa, Yusufu, aliyekuwa akiwapa askari mikate na maji ya kisima chake. Sasa inasemekana watu wa vijiji vile wanakimbia wakiwa na magodoro vichwani.

Basi, mimi ni Israeli. Nikamwambia Lenah. Akanikumbatia! Ati alijua tu. Jina tuliloimba tangu utotoni tutaliachaje leo? Hakuwa amenikumbatia tangu Krismasi.

Nimejaza kurasa sita za hoja.

Jumatatu, 24 Mei. Kitale na kurudi.

Mvua tangu alfajiri. Siku ya Dola, sikukuu ya Waingereza, hakuna masomo. Basi lilikwama matopeni mara mbili. Nilisukuma mara moja.

Nilikwenda kutafuta ushahidi. Edah, binti wa shangazi yangu, ni yaya kwa Mzungu mmoja mwenye redio. Redio haisemi. Bwana na jirani yake wamegombana kwa habari hii hii ya Palestina, maana mtoto wa jirani alikuwa polisi kule. Bwana aling'oa betri kwa hasira. Nimesafiri kutwa nzima kutazama sanduku lisilosema.

Lakini Edah amenipa jambo alilolisikia mezani akilisha watoto. Zamani, kabla hatujazaliwa, serikali ya Waingereza ilitaka kuwapa Wayahudi nchi huku kwetu, kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Wakatumwa watu kuja kuitazama. Wakaikataa. Nimeandika: Hoja ya 19.

Tulipokuwa tukiagana Edah aliniuliza kama nina mtu huko Bungoma. Nikamjibu ninao kumi na wanne.

Jumatano, 26 Mei.

Mawingu. Jioni mvua ya mawe, mihogo yangu imelala chini.

Maafa! Jana kutwa Wabwile alisimulia habari za nesi wa Kiyahudi, Miriamu, aliyemshona mguu hospitalini. Ukoo wake wote uliuawa Ulaya. Alifika Palestina na begi moja, na kabla ya hapo nchi tatu zilikuwa zimemfungia mlango. Wasikilizaji walilia. Wasikilizaji WANGU. Sasa Wabwile ni Israeli!

Mtu asiye na msimamo ni hatari kwa jamii. Nikahamia kwa Waarabu mara moja. Kurasa sita nyingine.

Nilimjulisha Lenah kwa uangalifu. Akasema, "Mwalimu Agneta, juzi Israeli, leo Mwarabu. Kesho utakuwa nini, Mjapani?" Akaingia jikoni kwake, akafunga mlango. Nilikuwa nimempelekea ndizi. Nilizila mwenyewe njiani. Njia ni fupi, ndizi zilikuwa nne.

Jumamosi, 29 Mei.

Asubuhi baridi, jua saa tano. Siku kubwa.

Watu thelathini na wanane! Niliwahesabu mara tatu kwa raha.

Nilipanga kura ya kukaa. Benchi za kulia, Israeli. Benchi za kushoto, Waarabu. Kila mtu akae upande anaouona una haki. Nilitangaza mara mbili, kwa sauti, tena kwa kuonyesha mkono. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaingia. Wanaume wote wakakaa kulia. Wanawake wote wakakaa kushoto.

Kama kanisani! Ndivyo tulivyokalishwa tangu misheni ilipokuja, na hakuna makalio katika Bungoma yasiyojua upande wake.

Lenah, Israeli wa kweli kweli, alikuwa mstari wa mbele wa Waarabu, kitabu cha nyimbo mapajani. Nilimnong'oneza ahamie kulia. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote: akakae katikati ya waume za watu kama nani?

Ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilisoma matokeo: Israeli ishirini na mmoja, Waarabu kumi na saba.

Wanaume wakapiga makofi. Mume wa Lenah akasema leo wanawake wamejionea. Hapo Lenah akasimama. Sijapata kumwona hivyo. Akasema mwanamke hawezi kuacha mafiga yake yakiwa na moto kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi ng'ambo ya bahari, na anayekimbia na godoro si mwanamume, ni mama yao! Wanawake wakapiga vigelegele. Mumewe akajibu: na huyo aliyechinjiwa ukoo mzima, aliyefukuzwa kila mlango, naye aende wapi? Aketi baharini? Wanaume wakapiga miguu chini. Nusu saa nzima. Kila nilipotaka kuandika nani amekosea, mwenzake alikuwa bado hajakosea. Karatasi yangu ya alama haikunisaidia.

Wabwile alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza akae wapi. Nikamwambia sheria ni sheria, achague. Akasema anao watu wake benchi zote mbili. Nikaandika: "Hana msimamo."

Ili kurudisha utulivu nilisoma Hoja ya 19.

Mzee Wekoye akaamka. Akauliza ni uwanda gani. Nikamwambia. Akainuka na fimbo yake, akasema polepole, "Hao hawakuja. Walikuja wengine. Mimi nilizaliwa jirani na huko, Kitale, shambani kwetu. Ng'ombe wa baba na sisi tulitolewa siku moja. Hatukuulizwa tukae kulia au kushoto." Akaketi chini sakafuni, katikati ya benchi.

Hapo ndipo askari kanga, yule polisi wa chifu, alipoingia. Ati amesikia mambo ya ardhi. Tangu ghasia za kudai ardhi mapema mwaka huu, mkutano wa kuzungumza ardhi ni kwa kibali. Kibali kiko wapi? Nikamwambia ni mkutano wa Palestina. Akauliza hiyo Palestina iko chini ya chifu gani.

Kusoma gazeti bandani kumepigwa marufuku.

Jumatatu, 31 Mei.

Ukungu. Mvua. Ukungu.

Wanaume wawili wamelala kwa kaka zao. Wake zao wanasema warudi wakisharudisha mashamba ya watu. Kisimani Waarabu hawakunisalimu. Njiani Israeli hawakunisalimu. Nilimsalimu punda wa mwenye duka.

Saa kumi jioni mlango ukabishwa. Wabwile! Amelivua koti, amelishika mkononi. Mgeni wa kwanza nyumbani humu tangu mwezi wa kwanza. Nilikuwa na kikombe kimoja kisicho na ufa, nikampa hicho.

Aliomba nimwandikie barua mbili. Moja kwa Yusufu, moja kwa Miriamu. Anataka tu kujua kama wako hai. Anuani hana, ila jina la hospitali, na la kijiji kilicho karibu na kile kisima. Akasema Jumamosi zote hukaa kwa fundi kwa sababu pale ananisikia vizuri bila kuonekana uso kila nikitaja jina la mji. Akauliza kama nitaweza kumsomea hayo majina hapa nyumbani, kila juma. Watu wawili, akasema, si mkutano.

Nikauona mtego! Anataka gazeti langu. Nikamwambia siwezi kuandikia pande mbili kwa wino mmoja; kwanza atamke hadharani yuko upande gani, ndipo nimwandikie barua moja, ile inayostahili.

Alitazama ndani ya kikombe. Akasema chai ni nzuri. Akashukuru, akavaa koti, akaenda.

Alikaa dakika arobaini. Nimeshinda.

Ijumaa, 4 Juni.

Asubuhi jua, ndege wengi mno.

Nimegundua njama. Barazani kwa fundi, Lenah, aliyeishia darasa la tatu tu, anamwandikia Wabwile barua zake! Zote mbili! Niliwaona dirishani kwangu tangu saa nane. Watu wamewazunguka. Wanaume wanampelekea Miriamu salamu, aambiwe mguu wa Wabwile umepona kabisa. Wanawake wanamuuliza Yusufu kama alipata kuchukua mbegu. Baadaye nikaona wamechanganyika, sikujua tena nani yuko kwa nani. Mume wa Lenah alimshikia wino. Askari kanga alifika, akaambiwa ni barua tu. Akaongeza salamu zake, na za watoto wake watano kwa majina. Mzee Wekoye yuko macho. Wanacheka!

Niliwahesabu. Kumi na wanne, bila mimi.

Nimefikiri kwa makini na sababu nimeiona: hawajui kwamba barua zile zina makosa. Lazima yapo. Sijaziona, lakini nimekwisha kuandaa orodha ya makosa thelathini na moja yanayoweza kutokea, pamoja na masahihisho. Kesho saa nane nitasimama mbele ya baraza la fundi na kuwasomea yote, moja baada ya jingine, mbele ya kila mtu. Watafurahi sana. Huenda wakanipisha kigoda.

Usingizi unanichukua sasa, saa tisa kasoro dakika kumi usiku.